Chini ya Sahani

Tulioketi kula siku ile nyumbani kwa Kadzo, Bombolulu, ni hawa. Kadzo mwenyewe, mwenye nyumba, ambaye habari hii ni yake kuliko ya mtu mwingine yeyote. Mwikali, fundi wa cherehani, jirani yangu wa mlango kwa mlango kule Magongo tulipokuwa bado wasichana, kila mmoja na mtoto wake wa kwanza mgongoni. Akinyi, aliyekuwa akikaanga samaki kando ya barabara ya Magongo, ambaye hata leo hajui kunong'ona. Siri yake huisikia mtaa mzima. Nyevu, wifi yangu, mdogo wake mume wangu. Mimi Sidi, niliyekuwa mpishi. Mume wangu Karisa alikaa barazani, akasema mezani ni pa wanawake, na tena sikio lake moja limekufa na lililobaki halitaki umbea. Na mwisho kabisa, karibu na mlango kama mtu anayefikiria kuondoka, alikaa Jumwa, ambaye hatukuwa tumekula naye tangu mwaka ule. Kiti kimoja kilikuwa kitupu. Hicho ni cha Wakesho. Tulikuwa tumetoka kumzika kwao Taita, na Kadzo akasema hatuwezi kutawanyika hivi hivi bila kula pamoja, maana kula ndiko kulikotuingiza na kula ndiko kulikotutoa.

Mambo ya kwetu nilikozaliwa, na nani alimuoa nani, nayaacha. Naandika mwaka mmoja tu, na nauandika kwa sababu ya mjukuu wangu Dama, aliyekuja kutusaidia kupakua. Siku hizi ukifungua redio hukosi habari ya kanisa fulani lililojifungia ndani ya ua, watu wameumizwa humo, na mchungaji amekana. Ilikuwa inasomwa habari kama hiyo, na Dama, upawa mkononi, akaniuliza, "Hawe," ndivyo wajukuu wa kwetu wanavyomwita bibi, "watu wazima na akili zao, walikubalije?" Akinyi akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu," akamwambia, "unawauliza wenyewe." Msichana akatutazama mmoja mmoja, vikongwe na vitenge vyetu, kama mtu aliyeambiwa kwamba bibi yake aliwahi kuwa baharia. Nikaona kumbe hatujawahi kuwaambia. Tumekaa nalo kama mwiba uliokufa ndani ya nyama, hauumi, lakini upo.

Basi jibu la kwanza, Dama, ni hili: tulikuwa na njaa, na si ya tumbo tu. Magongo tulipanga chumba kimoja, pazia katikati, huku kitanda na huku jiko. Karisa alikuwa kibarua bandarini. Kuna asubuhi alichaguliwa getini na kuna asubuhi alirudi kabla uji haujapoa. Mwikali upande wa pili wa ukuta, mumewe Mutua dereva wa lori, yuko njiani daima. Ukutani tulisikiana tukilia, asubuhi tukasalimiana kana kwamba hatukusikia. Ndipo Wakesho alipokuja. Alikuja na sufuria imefungwa kwa leso, mwanamke mrefu, mpole, mwenye sauti ya kuimba, akagonga mlango, na hakutuuliza dhambi zetu. Alituuliza kama tumekula. Ndani ya sufuria mlikuwa na wali wa nazi na maharagwe, na wallahi, ingawa baadaye tulikatazwa kusema wallahi, sijala tena wali ulioingia mwilini kama ule. Jumapili iliyofuata tulikuwa kanisani kwake, chumba kimoja kando ya barabara, mabenchi manne, na baada ya ibada hakuna aliyekwenda kwake. Watu walikula pamoja, wa bara na wa pwani, wakapakuliana, wakaulizana habari za watoto kwa majina. Nilirudi chumbani nikamwambia Karisa, "Hawa ndio ndugu." Na walikuwa ndugu. Hilo silifuti. Ukitaka kujua mtu anaingiaje, usitazame mlango wa kutokea, tazama wa kuingilia. Ule ulikuwa mpana na una harufu ya nazi.

Mchungaji tulimwita Baba. Nina jina la kila mtu wa mwaka ule kichwani mwangu, la kwake pia, ila lake siliandiki. Si kwa kumwogopa. Ana watoto, na watoto hawakutenda neno. Alikuwa mtu mzuri wa uso, mwenye kicheko, na alijua kukuuliza swali ukaona hakuna aliyewahi kukuuliza wewe maishani mwako. Mvua za mwaka ule zilipoanza alituambia ameoneshwa mahali. Mahali hapo palikuwa Utange, kiwanja kati ya mikorosho. Wakati huo Utange ni mashamba na njia za ng'ombe, si majumba kama leo. Tukauza vitanda. Tukarudisha funguo za vyumba. Tukahamia vyumba vya udongo vilivyopangwa mstari mmoja, na mbele yake banda kubwa la mabati lenye meza ndefu, na nyuma ya banda jiko la makuti. Kulikuwa na jiko hilo moja tu. Kupika nyumbani kwako ilikuwa dhambi, maana, alisema Baba, mwenye moto wake ana moyo wake. Nikafanywa mpishi, nikajiona mkubwa. Vitambulisho vyetu akavichukua vikae pamoja kwa usalama. Redio zikaenda. Halafu ndugu wa nje wakaenda, polepole, mmoja mmoja, kwa maneno matamu. Shangazi yangu Mbeyu alipofariki, Baba alinishika bega akaniambia aliyeokoka hana matanga. Siku ile nilimenya vitunguu vingi kuliko vilivyohitajika.

Sasa niwaambie habari ya sahani, maana bila hiyo hamtaelewa. Kila mtu mzima alikuwa na sahani yake ya bati, nyeupe, ukingo wa buluu, na haikuondoka mahali pake mezani ila kwa kuoshwa. Kwenye matako ya sahani liliandikwa jina la mwenyewe kwa rangi nyekundu ya mlango. Mimi shule niliacha nikiwa darasa la tatu, na kusoma kwangu kote nilijifunza hapo, kwenye matako ya sahani, nikiziosha kwa majivu na makumbi ya nazi kila siku ya Mungu. Ndiyo maana majina hayajanitoka. Mtu akikosa, akichelewa maombi, akipokea mgeni, akibishana na mumewe kuhusu neno la Baba, aliikuta sahani yake imepinduliwa, jina juu, kila mtu asome. Tulisema fulani yuko chini ya sahani. Aliye chini ya sahani alikuja mezani kama wengine, akaketi mahali pake, upawa ukampita. Wala hakusemeshwa, hata na mumewe, hata na mtoto wake, mpaka Baba mwenyewe aje aigeuze. Njaa mtu huizoea. Kunyamaziwa hakuzoeleki. Nimeona wanaume wa kubeba magunia wakilia kwa sababu mtoto wao amewapita kama mti.

Na kulikuwa na sahani ya aina nyingine. Mtu akiona mwenyewe ana jambo na Mungu wake, angeweza kuipindua yake kwa mkono wake. Huyo alisifiwa. Baba alisema huyo ndiye aliyekomaa, na akaweka sheria mbele yetu sote, kwa furaha kabisa: sahani iliyopinduliwa na mwenyewe haiguswi na mtu, hata yeye Baba, mpaka mwenyewe ainue, na upande mzima wa meza ukijipindulia, moto uzimwe jikoni, wote wafunge, mpaka watakapoinua. Alikuwa akiota siku kama hiyo, siku ya uamsho, akiisimulia kama mtu anayesimulia arusi ya mwanawe. Muiweke sheria hiyo akilini.

Kadzo alikuja kwetu akiwa msichana wa miaka ishirini hivi, amefuatana na Wakesho kama sisi wote. Alikuwa mcheshi. Akikuna nazi kwenye mbuzi aliiambia, "Twende, farasi," mpaka Nyevu akamwaga tui kwa kucheka. Baba alimpa kazi ya kufagia chumba cha toba, kile chumba cha peke yake chenye mlango wa kufuli. Baada ya muda nikaona utani umekwisha. Akawa anakuna nazi kimya, akisikia viatu anaacha kukuna. Nikamuuliza, "Mwanangu, una nini?" Akanijibu, "Dada Sidi, moshi tu." Halafu Jumatano moja, kwenye shuhuda, watu wanasimama kushukuru kwa hiki na kile, Kadzo akasimama akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayetangaza kwamba chumvi imekwisha, "Baba alinifungia mlango wa chumba cha toba akanifanya mkewe, na mimi si mke wake. Si mara moja. Nasema ili mjue." Jumwa, aliyekuwa akimhudumia Baba chakula na nguo zake na kuketi kando yake mwishoni mwa meza, ndiye aliyepiga kelele kwanza, "Mwongo wewe! Pepo wewe!" Baba hakukasirika. Ndilo lililonitisha. Alitabasamu kwa huzuni, akatembea mpaka mezani, akaipindua sahani ya Kadzo polepole, na akasema itakaa hivyo mpaka atakapoufuta uongo wake mbele ya watu. Na akiufuta, kwa rehema, ataozwa Mzee Zakayo, mjane, mzee wa kanisa mwenye umri wa babu yake, ili atulie.

Ndipo siku zile zikaanza. Kula hakukuwa shida kubwa, maana ukoko haukupita kwenye sahani, kwa hiyo ukoko si chakula. Nilikwangua sufuria nikamwachia penye makumbi, na hakuna sheria niliyovunja. Lakini kusemeshwa? Alipita kati yetu kama hayupo. Nilimwona akimsalimia mbuzi wa jirani uani. Akasimama muda mrefu akizungumza naye, mbuzi anamtazama. Nikajua hatafika mbali. Nikiwa nyuma ya ukuta wa makuti nachekecha unga, nikamsikia Baba akipita na Mzee Zakayo. Zakayo akasema, "Baba, binti mwenyewe ameridhika kweli?" Baba akamjibu, "Ndiye aliyekuomba, mzee wangu, ila anaona haya. Usijali. Jumapili atakuwa amelainika." Akasema amelainika kama mtu anavyosema muhogo. Mkono wangu ukasimama ndani ya chekecheo.

Siku ile ile tulikuwa tunaosha vyombo, mimi na Wakesho. Nilimwambia nilichosikia, neno kwa neno. Muelewe kwamba Wakesho ndiye aliyetuleta sote pale. Kama kuna aliyempenda Baba kwa moyo safi, ni yeye. Hakushtuka, hakulia. Alifuta sahani moja mpaka ikakaribia kutoboka. Kisha akauliza, "Sidi, sahani ya aliyejipindulia, nani anaigusa?" Nikamwambia, "Hakuna." "Na wakijipindulia upande mzima?" Nikasema, "Moto nauzima." Akasema, "Haya," akachukua sahani nyingine. Hilo tu. Watu huuliza tulipangaje, tulikula kiapo gani. Hatukupanga. Mwikali anasema Wakesho alimshika mkono kisimani akamwambia, "Jumapili unitazame mimi." Akinyi hakuambiwa kabisa, na sababu mnaijua.

Jumapili ikafika. Nilikuwa nimepika sima na mchuzi wa papa, na papa harufu yake haifichiki, wanaume walikuwa wamekwisha kukaa wanameza mate. Sisi wanawake upande wetu. Kadzo mahali pake, sahani imefunikwa, kichwa chini. Nilimwona midomo ikitembea, akijifunza yale maneno ambayo angeyasema baada ya chakula ili asamehewe. Baba akaomba. Nikanyanyua upawa. Nikaanza upande wa wanawake kama kawaida, na nilipomfikia Wakesho, akaweka mkono juu ya sahani yake, akaipindua. Bati likagonga ubao. WAKESHO, kwa rangi nyekundu. Nikasimama na mchuzi wangu. Mwikali akapindua yake. Nyevu, wifi yangu, ambaye hata panya alimwogopa, akapindua yake. Akinyi akatazama huku na huku akasema kwa sauti ya kunong'ona kwake, yaani banda zima likasikia, "Kwani leo kuna nini? Haya, na mimi!" akaibwaga sahani kama anayecheza bao. Zikaenda hivyo, moja moja, mpaka mwisho, bati kwa bati, na mimi niliyezoea kuyaosha majina yale gizani mwa maji machafu nikayasoma yote juani. Yangu ilikuwa ya mwisho. Niliweka upawa chini, nikapindua.

Na Baba, jamani, Baba alifurahi! Alisimama, akainua mikono, machozi yakamtoka. "Uamsho umeshuka!" akasema. "Nimewaambia siku hii itakuja! Watazameni mama zenu, wanaume!" Akatubariki. Akatembea nyuma yetu akitubariki mmoja mmoja, mkono kichwani, na Wakesho ameinamisha shingo anapokea baraka. Mimi nikaenda jikoni nikamwaga maji kwenye mafiga, moshi ukajaa banda lote. Watoto tuliwapa uji, maana wao walikula kwa bakuli, na bakuli halikutajwa na sheria.

Jumatatu hakuna moto. Karisa akaja mlangoni pa jiko, akanisemesha kwa adabu ambayo sikuwa nimeiona tangu anichumbie. "Mama Kabibi. Hata muhogo?" Nikamwambia, "Sheria ya Baba, mume wangu." Akasema, "Mnafunga kwa ajili ya nini hivi?" Nikamjibu, "Muulizeni Wakesho, mezani." Akanitazama, akatazama mafiga, nikaona kitu kinaanza kumwingia kichwani, mwanamume ambaye hajala hufikiri haraka. Jioni wakatukusanya. Mzee Zakayo akauliza kwa niaba ya wanaume, mkono tumboni, ombi letu kwa Mungu ni lipi, ili nao watusaidie kuliomba. Wakesho akasimama. "Tunafunga mpaka Kadzo asikilizwe," akasema. "Na watu wote, mlango ukiwa wazi, na asitishwe. Na tukishamsikiliza, kila mtu aamue mwenyewe. Hatuna lingine."

Hapo ndipo nilipouona uso wa Baba ulivyo chini yake. Alisema tumedanganywa na shetani. Alisema tuinue sahani zetu sasa hivi. Hakuna aliyeinua. "Inueni!" Wakesho akamwambia, bila ukali, kama anamkumbusha mtu miwani yake iko wapi, "Baba, wewe ndiwe uliyesema haiguswi." Akaja upesi, akanyoosha mkono, akaishika sahani ya Wakesho ili aigeuze kwa nguvu. Na wanaume wale, waliokuwa wameacha kazi, wameuza vitanda, wameacha kuzika mama zao kwa neno la mtu huyu, wote wakatoa sauti moja, "Aaa!" Mzee Zakayo akamshika kifundo cha mkono. Mzee yule mnyonge. "Haiguswi, Baba," akasema. "Ni neno lako." Walikaa hivyo, mkono juu ya mkono, juu ya jina la Wakesho, na Baba ndiye aliyeachia.

Kisha Zakayo akamgeukia Kadzo, na huyo akawa mtu wa kwanza kumsemesha tangu Jumatano ile. "Mwanangu, uliniomba mimi?" Kadzo akasema, "La, babu. Sijawahi hata kukuwaza." Mtu mmoja akacheka, nadhani Mutua mumewe Mwikali, na kile kicheko kilifungua kitu, maana Kadzo akakaa wima akasema yote, tangu mwanzo, mbele yetu, mlango wazi. Sitayaandika hapa, ni yake, na aliyasema mara moja kwa wote. Alipomaliza, Akinyi, yule Akinyi wa kelele, akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwa nimewahi kuisikia wala sijaisikia tena, "Na mimi." Ndipo nikajua sauti yake kubwa ilikuwa inafunika nini.

Kulipopambazuka Karisa na Mutua walifuatana na Kadzo, Akinyi na Wakesho kwa chifu. Yaliandikwa. Baba akaulizwa, akakana, na akasema ana safari ya injili, akaenda, hakurudi. Hakuna hukumu iliyotoka. Kwenye karatasi za wakubwa yamebaki madai mpaka leo, na tukasikia baadaye amefungua kanisa kwingine, na wengine waliokuwa nasi, Jumwa wa kwanza, walimfuata wakituita waongo. Sisemi hilo halikuuma. Lakini juma lile lile niliuvunja mstari wa mafiga jikoni, nikampa kila mwanamke yake, na kila mlango wa vile vyumba vya Utange ukatoa moshi wake. Mwikali akaunguza maharagwe kwa furaha. Ndiyo picha niliyo nayo ninaposikia watu wanasema habari kama hizi haziishi vizuri. Iliishaje? Iliisha na moshi mwingi.

Tulirudi Magongo, kwenye chumba kingine chenye pazia jingine. Karisa alirudi getini bandarini. Tulikuwa na ndugu sasa, wa kweli, maana Wakesho aliendelea kugonga milango na sufuria yake mpaka uzeeni, ila baada ya hapo hakumpeleka mtu popote. Alisubiri ule, akaichukua sufuria akaenda zake. Kadzo alianza kupika chapati na mbaazi kwa vibarua, kisha akafungua hoteli yake ndogo Bombolulu, akaolewa na mtu aliyempenda mwenyewe, akazaa, akazika mume, akajenga nyumba ile tuliyokaa. Ukienda kwake tazama chanja cha vyombo. Sahani zote husimama kwa ukingo. Hakuna inayokaushwa kichwa chini, na mfanyakazi mgeni hufunzwa hilo kabla hajafunzwa mapishi.

Basi tulikuwa mezani siku hiyo, baada ya mazishi ya Wakesho, sahani yake imewekwa mahali pake, imetazama juu. Dama amesikiliza habari yote, wali umepoa. Nami nilikuwa nikiyataja majina kama nilivyowaandikia hapa, nani wa kwanza, nani alifuata. Ndipo Jumwa, aliyekuwa hajasema neno tangu salamu, akasema akitazama kitambaa cha meza, "Siku ile, nami nilipindua yangu." Akinyi akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaufunga. Wote wakanitazama mimi, kwa sababu ni mimi ninayekumbuka. Niliyafunga macho nikaipita meza yote tena, jina kwa jina, na mahali pa Jumwa, kando ya Baba, niliona sahani imetazama juu na mikono yake miwili imeishika ukingoni. Kabla sijajibu, Kadzo akanyanyuka, akazunguka meza, akachukua upawa mkononi mwa Dama, akampakulia Jumwa wali, akamwekea na ukoko juu, ule wa hudhurungi, mzuri. "Sahani zilikuwa nyingi siku ile, dada," akamwambia. "Kula, usije ukapoa kabisa." Jumwa akala. Machozi yaliingia katika wali wake, naye akala tu, na baadaye akaomba aongezewe.

Mimi nimeandika nilivyoona. Lakini moshi ulikuwa mwingi baada ya kuuzima ule moto, na nilikuwa nimewapa mgongo niliposhuka jikoni, na mtu anaweza kupindua sahani yake akiwa amechelewa. Kwa hiyo wewe uliyekuwa umeketi upande ule wa meza Utange, au mama yako, au bibi yako aliyekusimulia: kama nimekosea mpangilio, kama kuna jina nililoliruka, na zaidi ya yote kama uliona sahani ya Jumwa imegeuka, njoo uniambie. Nitairekebisha. Ni mara chache kichwa changu kimekosea jina, na hili ndilo moja ambalo ningefurahi sana kukosea.